Nilivyowalisha Waislamu wa Ifakara Kiboko kwa Hoja ya Nahau

Kosa ni langu, wala silitafutii mtu wa kunisaidia kulibeba. Mimi ndiye niliyesimama mbele ya watu wazima wenye akili zao nikawaambia kwamba kiboko ni samaki.

Bwana Mhariri, jina langu lifiche. Watu wa Ifakara wananijua tayari, na wakiniona njiani hutunisha mashavu na kukoroma kama kiboko anayeibuka majini. Hao wamenishinda. Ninyi wa mbali ndio nataka msinijue.

Niliponzwa na elimu, ndugu zangu. Si elimu nyingi, laiti ingekuwa nyingi! Ilikuwa elimu nusu na tumbo zima.

Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani mwa duka la Mhindi karibu na soko, mahali ambapo kila mwenye maneno hupita. Mwaka uliofuata baada ya Malkia wa Waingereza kutawazwa nilikwenda Bagamoyo kwenye msiba wa mjomba wangu, nikakaa huko miezi kadhaa. Jioni nikawa nahudhuria darasa la nahau msikitini, yaani ile elimu ya jinsi maneno ya Kiarabu yanavyoungana na kubadilika. Nilivutwa na kahawa na tende walizokuwa wakitugawia, nalo hilo nalikiri.

Lakini jamani, niliyoyasikia mle yalinitia wazimu! Shehe alitusomea aya ya udhu, akatuonyesha neno la miguu. Akasema irabu moja ikiwa juu ya herufi, miguu inaungana na uso na mikono, kwa hiyo inaoshwa. Ikiwa chini, inaonekana kuungana na kichwa, ambacho hupakwa maji tu. Kijialama kidogo kama mguu wa sisimizi, na wanachuoni wakubwa wamekaa juu yake wakijadiliana, wengine mpaka wakafa!

Nilirudi kulala nikitetemeka kwa furaha. Nikasema kumbe mambo ndiyo haya! Kumbe mtu akijua neno limekaaje anaweza kuitoa sheria mwenyewe, kama mimi ninavyomtazama mtu nikajua kanzu yake itakula yadi ngapi.

Tukafika mlango wa maneno yanayoenea. Shehe akatufundisha kuwa neno likitegemezwa kwa neno jingine linalojulikana, huweza kuenea likachukua vyote vilivyomo ndani yake. Halafu akafunga kitabu, akasema kesho tutaingia mlango wa pili, jinsi neno lililoenea linavyowekewa mipaka.

Hiyo kesho mimi nikapata lori la kunirudisha bara, nikapanda. Msicheke bado.

Nilirudi Ifakara na kilemba. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kofia tu, tena iliyochakaa. Nikaanza kushona huku natoa maelezo. Mwanamke akileta gauni kupunguzwa, namuuliza kama anajua tofauti ya jina na kitendo. Mtu akisalimia, naichambua salamu yake kabla ya kuitikia. Wakaniita Shehe Nahau. Walikuwa wananidhihaki, nami nikadhani wananitukuza.

Mke wangu, Mwanahawa, hakudanganyika hata siku moja.

"Bwana," aliniambia, "wewe juzi umebishana na sufuria kwa nini wali umeungua. Leo ndio wa kuwahukumia watu?"

Mwanahawa ni binti wa Mwalimu Sefu, mzee anayetuswalisha na kuwafundisha watoto wetu. Waislamu hapa ni wachache, wengi ni watu wa misheni, na tunaishi nao vizuri, tunazikana, tunachekana. Nilipopeleka posa, Mwalimu alisita sana. Alisema mdomo wangu hutangulia, miguu hufuata, na akili huja baadaye ikiwa imepumzika. Aliyenitetea ni mama yake Mwanahawa, Bi Tatu. Alisema, "Mpe. Ana moyo mzuri, mengine tutamfundisha." Kwa neno lile nikapata mke, na mkumbuke neno lile lilitoka kinywani mwa nani, maana huyo ndiye niliyemtia hasara.

Basi masika ya mwaka jana Mwalimu akaitwa Mahenge, ndugu yake alikuwa mgonjwa. Akanikabidhi msikiti kwa kukosa mwingine. Akaniambia maneno machache.

"Swalisha. Fagia. Mtu akiwa na swali, mwambie angoje nirudi."

"Na likiwa swali jepesi, Mwalimu?"

"Hasa likiwa jepesi."

Nikaitikia "ndiyo baba" mara nyingi mpaka pantoni ya kuvukia mto ikaondoka naye.

Sasa mjue masika yetu yalivyo. Mpunga umesimama shambani haujaiva, na ghalani hamna kitu. Tunakula kisamvu, kesho mlenda, keshokutwa kisamvu tena kimepata moto zaidi. Mtu anafika mahali akiona mbuzi wa jirani anadondokwa na mate. Na ndio wakati huohuo viboko wanapanda kutoka mtoni kuingia mashambani, kiboko mmoja akipita mpunga wa mtu unakuwa mkeka.

Ikatokea Bwana Nyama, yule Mzungu wa wanyama wa porini, akatoa ruhusa viboko wawili waliokuwa wakimaliza mashamba wauawe. Kazi ile wakapewa watu wa mtumbwi wa Kaspari. Kaspari ni Mndamba, mvuvi, mtu wa misheni asiyekosa misa, tena ni mtani wangu kwa upande wa mama. Akipita kwangu huchukua kofia yangu akaenda nayo, na mimi siwezi kusema kitu. Ndio utani.

Wakampata kiboko wa kwanza. Ole wangu, ile harufu! Walibanika ukingoni, mafuta yakidondoka motoni, na upepo, sijui nani aliutuma, ukaja moja kwa moja barazani kwangu. Nilikuwa nashona suruali ya polisi mmoja. Niliishona miguu yote miwili pamoja.

Nikafunga cherehani nikaenda kuangalia tu. Nasema kuangalia tu!

Nikawakuta watu wa misheni wanakula na kucheka, na Waislamu wamekaa kando wakitazama moshi. Hapa kwetu tangu zamani Waislamu hawali kiboko. Mwalimu hajawahi kukemea wala kuruhusu, watu wameacha tu. Kaspari akaniona.

"Mtani! Nyama ni nyingi hii, itaoza. Wenzako wamekaa hapo kama wamefiwa. Hivi kweli kitabu chenu kimemkataza kiboko, au ni aibu tu?"

Hapo ndipo ningesema, Mwalimu yuko Mahenge, ngojeni. Neno fupi, halina gharama. Lakini tumbo langu lilikwisha jibu, na mdomo ukabaki kutafuta ushahidi.

Nikapanda juu ya gogo. Nikarekebisha kilemba.

Nikawaambia, "Waislamu, nisikilizeni! Ipo aya inayotuhalalishia windo la bahari. Tazameni nahau yake! Neno windo limetegemezwa kwa neno bahari. Na neno likitegemezwa namna hiyo linaenea, linachukua kila kilichomo. Halikusema windo dogo, halikusema lenye magamba! Na Waarabu mto mkubwa pia huuita bahari. Kiboko mnamwona anaishi wapi? Majini! Basi ni windo la bahari. Kwa maneno mengine, ni samaki."

Halafu nikasikia sauti nyuma, ya polepole, ya mama mkwe wangu.

"Mwanangu, mimi sijasoma, nauliza tu. Samaki gani anayetoka majini akaja kula mpunga wangu?"

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mpunga wangu."

"Huyo ni samaki mtembezi, mama."

Watu wakacheka. Mzee mmoja akauliza mbona hakuchinjwa. Nikamuuliza yeye perege humchinja wapi, akarudi kuketi kando. Ah, niliona raha! Watu wakinitazama hivi, wengine midomo wazi. Na laiti ningeishia hapo ningepata dhambi ya saizi yangu. Lakini ulimi uliponza kichwa, na wangu hauna hatamu.

Nikaongeza, "Tena sikieni! Kuna mahali pengine tumeambiwa tuwinde. Na neno lile kwa nahau ni kitendo cha amri. Na amri ni wajibu! Kwa hiyo kuwinda kwetu si ruhusa tu. Ni wajibu!"

Kaspari akaniangalia kwa makini sana. "Wajibu?"

"Wajibu!"

"Wote mmemsikia mtani wangu?"

Wakasema wamesikia. Akaenda motoni, akachoma kipande cha moyo kwenye ncha ya chusa, ule mkuki wao wa kamba wanaomchomea kiboko. Akaniletea pale kwenye gogo, chusa mkononi, akaninyooshea.

"Basi wewe uliyeruhusu, anza."

Nikala. Nilikula pale pale kwenye chuma, mafuta yakinimiminikia kidevuni. Wenzake wa mtumbwi wakapiga vigelegele kama wanawake, wakaimba wimbo ambao sikuuelewa, na wazee wa Kindamba wakashika vinywa. Nikajisemea, tazama heshima ya elimu ilivyo, hata watu wa misheni wanashangilia!

Waislamu wakaniona nimekula, wakaja. Walikula kidogo kidogo, kisha wakala kweli kweli. Bi Tatu hakula. Alifunga upande wa kanga yake akaondoka.

Nyumbani Mwanahawa alinipokea mlangoni. Hakunipisha.

"Umekula nini?"

"Samaki."

"Mdomo wako unang'aa kama umepakwa mafuta ya taa. Mama amepita hapa. Umemwita kiboko anayemlia mpunga wake samaki, mbele ya watu, na yeye ndiye aliyekusemea kwa baba?"

Nikaanza kumweleza habari ya neno lililotegemezwa. Sikulimaliza. Alichukua kanga zake mbili na chungu chake kidogo.

"Nakwenda kukaa na mama shambani. Huyo kiboko wa pili bado anazunguka kule, na mama yuko peke yake. Baba akirudi ataniambia kama nimeolewa na mwanachuoni au na fisi."

Nikacheka! Nilicheka, ndugu zangu, nikidhani atarudi jioni. Jioni ikaja bila yeye.

Alfajiri nimetoka kuswalisha, namkuta Kaspari na wenzake wawili nje ya msikiti, na kafi la ziada.

"Haya mtani, twende. Kiboko wa pili yuko bwawani."

"Twende wapi? Mimi fundi cherehani!"

"Wewe ni mtu wa mtumbwi. Kwetu mtu akilishwa moyo kwenye ncha ya chusa amekuwa mwenzetu, na windo linalofuata analiingia. Hivyo ndivyo sisi tunavyochukuana tangu babu zetu. Hukuona wazee wanashangaa? Hakuna mtu aliyewahi kuupokea moyo huo akiwa amesimama juu ya gogo, na kilemba."

Nikasema sikujua desturi hiyo, na asiyejua hana lawama.

"Sawa," akasema Kaspari. "Desturi yetu hukuijua. Na ile ya kwenu? Jana umesema ni wajibu."

Mtani ana haki ya kukucheka, nanyi mnajua. Alikuwa anacheka, na wenzake wanacheka, na waumini wangu wametoka msikitini wanangoja nitaseme nini. Nikatafuta kichwani neno la kunitoa. Nilijua kwa hakika kwamba lipo. Lilikuwa katika ule mlango wa pili, Bagamoyo, siku niliyopanda lori!

Nikaenda.

Walinikalisha katikati, nikapewa kibuyu cha kuchotea maji yanayoingia. Nilikuwa na kanzu kwa sababu sikupewa nafasi ya kubadili. Asubuhi ilikuwa nzuri, ndege wanalia, mimi nasoma kila dua ninayoijua na zile nisizozijua. Kaspari amesimama mbele na chusa, kimya, mtu mwingine kabisa na yule wa utani.

Kiboko akaibuka. Sitaki kusema alikuwa mbali kiasi gani, kwa sababu kila ninaposimulia Kaspari huniongezea umbali. Kwangu mimi alikuwa mapajani. Aliibuka, akapiga chafya, akafungua mdomo ule.

Nikasimama. Mtu hasimami katika mtumbwi, hata mtoto wa hapa anajua. Nilisimama nikamrukia Kaspari shingoni, nikamkumbatia kwa mikono na miguu, nikapiga kelele za kuomba radhi kwa kila niliyemkosea, nikianza na mkuu wa shule niliyemshonea koti fupi.

Tukapinduka sote.

Kiboko naye aliogopa, maskini, akapiga mbizi akaenda zake. Mimi nikazama, nikaona mauti, nikamwita mama yangu. Mmoja wa wale vijana akanishika kola akaniambia, "Shehe, simama." Nikasimama. Maji yalinifika kifuani.

Lakini hapo utani uliisha. Chusa ilizama kwenye matope na haikuonekana tena. Mtumbwi ulichukuliwa na maji ukagonga kisiki, ukapasuka kutoka mbele mpaka katikati. Kaspari aliupima ule ufa kwa viganja, na kule kupima kwake kuliniuma kuliko angenipiga. Kuchonga mtumbwi mwingine kungechukua wiki nyingi, na mpaka hapo hakuna wa kumzuia yule kiboko.

Kiboko hakungoja. Aliingia shambani kwa Bi Tatu.

Mwanahawa na mama yake walipiga madebe mpaka mikono ikavimba. Alikula nusu ya mpunga, nyingine akaikanyaga. Habari ililetwa barazani kwangu na mwanamke aliyekuwa akipita kwenda sokoni, mbele ya wateja.

"Mkeo anasema nikuambie hivi: samaki wako amekula mpunga wa mama yangu. Na kwamba usimfuate."

Nililia, jamani. Nililia juu ya cherehani mpaka Mhindi akatoka kuuliza kama nimejichoma sindano. Lile shamba lilikuwa la yule mama aliyesema nina moyo mzuri. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuja akiwa amekwisha ota ndevu.

Mwalimu Sefu akarudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa bakora, hata nilivaa suruali mbili. Hakunipiga. Aliniambia twende shambani, tukaenda, yeye mbele mimi nyuma. Tukawakuta Bi Tatu na Mwanahawa wamekaa kwenye kibanda cha kulindia mpunga, na mbele yao ile sehemu iliyolala chini. Mwanahawa hakuniangalia.

"Haya," Mwalimu akasema. "Nitolee hoja yako yote. Usiache kitu."

Nikaitoa, kwa sauti ndogo. Windo, bahari, neno lililotegemezwa, kuenea. Alisikiliza mpaka mwisho, akikuna ndevu.

"Mlango huo wa kuenea upo," akasema, "na windo la bahari wanachuoni wamelisema sana. Wapo waliolipanua kweli kweli. Wapo waliosema mnyama wa nchi mbili, anayelala majini na kulisha nchi kavu, hukumu yake si ya samaki. Huyu kiboko mimi mwenyewe sina hakika naye, ndiyo maana miaka yote nimenyamaza."

Mnajua nilifanya nini? Niliruka juu!

"Kumbe nilipatia!"

Bi Tatu akafunika uso. Mwanahawa akaniangalia kwa mara ya kwanza, na afadhali asingeniangalia.

"Keti chini," Mwalimu akasema. "Na ile amri ya kuwinda, uliiona imekuja baada ya nini?"

Nikaketi, nikaanza kung'oa majani.

"Imekuja baada ya katazo. Mahujaji wamekatazwa kuwinda wakiwa katika miiko ya ihramu. Wakimaliza, wanaambiwa windeni. Mama akimzuia mtoto mgonjwa kutoka nje, kisha akipona akamwambia haya, nenda kacheze, je, mtoto akibaki kitandani amemwasi mama yake?"

"Hapana, baba."

"Basi. Umbo la neno ni la amri, lakini wengi katika wanachuoni wanasema hapo limefungua mlango tu, halikumsukuma mtu ndani. Nahau inakuonyesha neno limekaaje. Baada ya hapo unatakiwa uangalie limetanguliwa na nini, limesemwa kwa nani, na yapi mengine yamesemwa mahali pengine. Ndiyo maana watu husoma miaka. Na kosa lako wala si hilo la kutojua."

"Ni lipi, baba?"

"Wewe hukuanza na neno ukafika kwenye nyama. Ulianza na nyama ukaenda kulitafuta neno. Hata kama umepatia, umepatia kama mlevi anayefika nyumbani. Amefika, lakini nani atamfuata nyuma njia ile?"

Nilitamani ardhi inimeze. Kuhusu wale waliokula kwa kunifuata, alisema waombe maghufira na waache kuniuliza mambo. Nikamgeukia kwa habari ya mke wangu. Nikamwomba ahukumu, maana ndiye baba, ndiye mwalimu.

"Mimi ni baba yake, hukumu yangu ina upande. Muulize mwenyewe."

Mwanahawa aliutazama ule mpunga uliolala.

"Sikuondoka kwa sababu ya kiboko," akasema. "Watu wanakula vitu. Niliondoka kwa sababu mama alikuuliza swali la kweli, na wewe ukamfanya kichekesho. Utalinda shamba hili mpaka tuvune. Kiboko akija utampigia debe wewe. Na sitaki kusikia habari ya jina na kitendo. Nikikuona umebadilika nitajua. Nisipokuona, baba ataniandalia mengine."

Hayo mengine ni talaka, mnajua. Sikulala usingizi mzuri msimu ule, na si kwa ajili ya kiboko peke yake.

Nililinda. Nilimlimia Bi Tatu, nikamchotea maji, nikapiga debe. Kiboko alikuwa akinitazama kutoka kwenye matete, naapa alikuwa ananijua. Asubuhi nilikwenda kumsaidia Kaspari kuchonga mtumbwi, na mchana nilishona. Mwalimu akaniingiza tena darasani, na watoto, mwanzo kabisa, herufi. Watoto walifurahi sana kunipata. Mmoja aliniambia, "Shehe, unatamka vibaya."

Mpunga ukaiva. Tukavuna kilichobaki, na haukuwa mwingi. Siku ya mwisho watu walikuja kusaidia, Kaspari naye akaja na kobe wa majini aliyenaswa katika mtego wake wa samaki. Akamweka katikati ya watu, kobe akijivuta.

"Mtani," akasema, na macho yake yalikuwa yanacheka, "huyu naye anaishi majini. Waislamu mnamla au hammli?"

Kila mtu akanigeukia. Mwanahawa alikuwa anafunga mzigo wake, mikono ikasimama.

Nawaambieni ukweli wangu, nahau ilipanda! Ilipanda kutoka tumboni mpaka hapa kooni, neno na tegemezo lake, umbo na irabu yake, na ule mlango wa pili nilikuwa nimeshaanza kuuchungulia.

"Sijui," nikasema. "Mwalimu yupo. Twendeni tukamuulize."

Hakuna aliyecheka. Bi Tatu aliinama akaendelea kupepeta mpunga wake, na niliona anatabasamu kwenye ungo. Mwanahawa akamaliza fundo lake, akaniletea ule mzigo, akanitwisha kichwani bila kuniuliza.

"Twende nyumbani," akasema. "Chungu changu usikivunje."

Basi ndugu msomaji, hasa wewe uliyepata miezi michache ya darasa na kilemba kipya. Ukiulizwa jambo la dini, kwanza jiulize jibu gani lingekufurahisha, halafu liogope jibu hilo kuliko mengine yote. Na ukiwa na njaa usifungue kitabu kabisa. Kula muhogo kwanza.

Nimebakiza jambo moja ambalo hata Mwanahawa sijamwambia, na ndiyo sababu ya kulificha jina. Ile nyama, jamani, ilikuwa tamu! Ilikuwa tamu mno. Ingekuwa chungu, naijua nahau yangu, ingesema ni haramu.